Cherehani ya Mama na Bomba la Matone

Hapo zamani, enyi wanywaji wa kahawa yangu, si ile ya sungura kusema bali zamani ya juzi tu, simu zikiwa zimeshaingia mpaka jikoni, nyuma ya mashamba ya mkonge walikaa ndugu watatu: Sikudhani, Mbwana na Mwantumu. Mama yao alikufa akaacha cherehani moja, nayo ilikuwa rehani dukani kwa Mzee Kilua tangu siku za ugonjwa wa mama. Kila wakipita waliiona, imetwishwa debe la mafuta, na roho ziliwauma.

Sikudhani, dada mkubwa, akasema, "Tutaikomboa." Akatafuta tovuti zinazogawa sarafu za mtandaoni bure. Ya kwanza matapeli. Ya pili matapeli, zikamlia bando. Ya tatu ikawa ya kweli, tone moja la sarafu kila saa. Wanakijiji wakaiita bomba, wakamcheka: "Rahisi ghali, bibie."

Kuchota ikawa kazi ya Mbwana. Bomba halitoi tone mpaka uthibitishe kuwa wewe si roboti: gusa kila picha yenye taa za barabarani. Na Mbwana hajaona taa za barabarani tangu azaliwe! Akagusa nguzo, akakataliwa. Akagusa minara, akakataliwa. Akajifunza. Akilima, agusa. Akichunga, agusa. Hata msibani alijibanza nyuma ya turubai akagusa. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki kilikula miaka.

Mfuko wa sarafu hizo hufunguliwa kwa maneno kumi na mawili ya Kizungu. Ukiyapoteza, hakuna wa kumlilia. Sikudhani aliyaandika kwa mkaa ukutani, nyuma ya mtungi. Mwantumu, mdogo wao, Kizungu hakijui, ila kila akitwanga aliyatazama, akayatia kwenye wimbo wa kinu aliofundishwa na mama.

Ikaja Idi. Nyumba ikakandikwa upya kama ada, na Mbwana akakandika mpaka nyuma ya mtungi, maneno yakafukiwa. Wiki hiyohiyo simu yenye mfuko ikamponyoka Sikudhani, ikazama kisimani. Dada mtu akakaa chini akalia.

Mwantumu akashika mchi. "Nyamaza, dada." Akatwanga, akaimba, neno baada ya neno hadi la mwisho. Wakayaingiza kwenye simu ya kuazima, mfuko ukafunguka, matone yote yamo.

Sarafu zikauzwa kwa shilingi, cherehani ikakombolewa. Lakini sasa kila mmoja ana mji wake, na cherehani haikatwi vipande.

"Ni yangu," akasema Sikudhani. "Nilichekwa peke yangu. Nisingelipata bomba, mngechota wapi?"

"Ni yangu, dada," akasema Mbwana. "Bomba bila mchotaji ni chuma tu. Tazama kidole hiki, kimeota sugu."

"Mnisamehe, wakubwa zangu, ni yangu," akasema Mwantumu. "Dada ulizamisha simu. Kaka ulifukia maneno. Mali ilishakufa, ikafufuliwa na wimbo wa mama, na mama aliniachia mimi."

Mwenye mkokoteni akafika njia panda, cherehani juu, jasho linamtiririka. "Jamani, jua kali. Niishushe kwa nani?"

Watatu wakatazamana. Haya, nyinyi mliokunywa kahawa yangu mkacheka, msininyamazie na nyinyi: cherehani ya mama ishushwe mlangoni kwa nani?