Masikio ya Sungura na Neno "Tutakuita"

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kinyonge, kama mmerudishiwa barua za maombi? Paukwa tena!

Pakawa!

Hapo zamani za kale Sungura alikuwa na masikio madogo kama ya panya, na mkia mrefu wa kuringia. Na alisoma. Serious! Alijua nyayo zote, harufu zote, pepo zote. Lakini njaa haiangalii cheti. Majani yalikauka nchi nzima, ikabaki bustani ya Simba tu.

Simba akatangaza: anatakiwa mlinzi wa kisima. Mlinzi atakula bustanini.

Sungura huyo, pu! pu! pu! hadi mlangoni. Kwenye usaili wamekaa Simba na Fisi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Una uzoefu wa miaka kumi?"

"Mzee, mimi nina miaka miwili tangu nizaliwe."

"Hiyo ni shida yako."

Fisi akadakia, "Nani anakufahamu hapa?"

"Mama yangu."

Wakacheka mpaka machozi.

"Nenda kijana, tutakuita."

"Lini, mzee?"

"We will call you," akasema Fisi, kwa Kiingereza, ili iume vizuri. Akabamiza mlango. Kacha! Mkia ukabaki ndani. Ndiyo maana leo Sungura ana kipamba tu huko nyuma.

Akakaa juu ya kichuguu, akatega masikio. Wiki, kimya. Akayavuta juu kidogo. Mwezi, kimya. Akayavuta tena.

"Mwanangu, twende tukatafute majani nchi nyingine," mama akamwambia.

"Subiri Mama, wataniita."

Masikio yakarefuka, yakarefuka. Meno yalikosa cha kutafuna, yakazidi kuota tu. Jamani, ukikosa kazi hata meno yanakudharau!

Kumbe kazi kapewa mpwa wa Fisi. Analala kisimani mchana kutwa, krooo! krooo!

Asubuhi moja masikio yale yakanasa kitu, mbali, ng'ambo ya bonde. Wou! Wou! Mbwa wa wawindaji!

"Mama, toka! Kimbia!"

Wakatimka, fyuuu! Miguu ya nyuma ikanyooka hapo hapo, haijarudi mpaka leo. Nyuma yao Simba naye akawasikia mbwa, wako kisimani tayari, na mlinzi wake anakoroma.

"Sungura! Rudi! Kazi umepata, unaanza leo!"

Sungura alisikia vizuri sana. Kwa masikio yale? Alisikia mpaka magoti ya Simba yakigongana. Hakugeuka.

"Tutakuita, mzee!"

Basi wakubwa kwa wadogo: ukiambiwa ungoje kuitwa, tega masikio, lakini miguu yako usiikalie.

Hadithi yangu nimeifunga hapo. Mwenye mkia achunge mlango.