Bangili za Jumbe Mwinyigogo

Shuwea alikuwa fundi wa kusuka nyaya za shaba kuwa bangili na mikufu, na ulimi wake ulikuwa mwepesi kama vidole vyake. Mwaka wa ukame, Jumbe Mwinyigogo alikizungushia ua kisima cha kijiji, akatia kufuli, akautundika ufunguo shingoni.

"Nisukie bangili mbili zisizo na mwanya, mwizi asiweze kuzivua," alimwambia Shuwea. "Ukimaliza, nitafungua kisima."

"Bangili isiyo na mwanya husukwa mkononi mwa mwenyewe, Jumbe. Weka mikono yako pamoja, zipate kulingana."

Jumbe akaketi barazani, akakutanisha mikono. Shuwea akasuka huku akimsifu, mpaka Jumbe akasinzia. Alipozinduka, shaba ilikuwa iking'aa.

"Zimependeza," alisema. "Sasa nenda zako. Kisima nitafungua nikitaka."

"Haya, Jumbe. Kwaheri."

Jumbe akataka kujikuna pua. Mkono wa kulia ulipoinuka, wa kushoto ukaufuata. Bangili mbili zilikuwa zimesukwa zikawa moja.

"Wee Shuwea! Nifungue!"

"Nitakufungua ukifungua kisima."

"Nitafunguaje na mikono imefungwa?"

"Basi mtaje wa kukifungua. Sema kwa sauti, watu wasikie."

Wanawake walikuwa wameshajaa mbele ya baraza na mitungi yao, wanacheka. Jumbe akatamka kwamba tangu siku hiyo ufunguo utakaa kwa Shuwea. Ndipo Shuwea akauvua shingoni mwa Jumbe, akawapa wenzake wakachote maji, kisha akaanza kutafuta koleo lake, bila haraka.