Nafasi Moja ya Mwenyeji

Msinibishie, haya niliyaona kwa macho yangu yote mawili. Mwasiti, mmwagilia uwanja wa klabu ya tenisi pale Moshi, alipiga mpira mpaka mbuzi wa Arusha wakainamisha vichwa. Ila hakuwahi kucheza nje ya nchi, kwa hiyo kwenye orodha ya ubora wa dunia hakuwemo.

Yakaja mashindano makubwa, na wenyeji wakapewa nafasi moja ya upendeleo, ya kumwingiza mchezaji ambaye namba yake kwenye orodha haitoshi. Mwasiti akaitaka kwa roho yote.

Mwenyekiti Lyamuya, ambaye tumbo lake hufika kikaoni nusu saa kabla yake, akasema, "Orodha ndiyo iamue. Binti yangu Edelina ni wa mia tisa duniani. Wewe wa ngapi?"

"Sipo, mzee. Orodha iamue kweli. Ila watu wanasema Edelina naye anabebwa."

"Abebwe na nani? Mtu wa mia tisa anaingia kwa namba yake."

"Ndivyo nilivyowaambia. Hawaamini mpaka waone imeandikwa kwenye ubao wa klabu, na sahihi yako."

Mwenyekiti akaandika palepale kwamba Edelina hataki upendeleo, akasaini, akabandika.

Jumatatu waandaaji wakatangaza: wa mwisho kuingia kwa namba yake ni wa mia tatu. Nafasi ya upendeleo ilikuwa na mwombaji mmoja tu.

"Uliijua hiyo mia tatu?" mwenyekiti akauliza.

"Mzee, ubao huo, wenye orodha za mashindano ya miaka iliyopita, naufuta vumbi mimi kila asubuhi."

Yote kweli tupu. Ile sahihi tu ndiyo nimeitunga, kwa hiyo msiniulize Mwasiti aliingiaje.