Mpapai Dume wa Bi Mwanakheri

Hapo zamani, ila si zamani sana, maana bwana shamba alikwisha kuwa na baiskeli, palikuwa na mjane akiitwa Bi Mwanakheri. Nyuma ya nyumba yake ulisimama mpapai alioupanda marehemu mumewe. Upepo ukauangusha, likapona papai moja tu. Bi Mwanakheri akalila kwa ndimu, kama alivyozoea kula na mumewe, akalia. Kisha akawaambia wanawe watatu, "Atakayenirudishia papai la baba yenu, bustani hii ni yake."

Wote watatu waliitaka. Hawakuwa na ardhi nyingine.

Hidaya, mkubwa, akaziokota mbegu mama alipokuwa anataka kuzitupa pamoja na maganda. Akazisugua kwa majivu mpaka ute ukatoka, akazianika kivulini.

Chausiku, wa pili, akazipanda kwenye makopo. Ikaota miche kumi na miwili. Kuku wakafukua kumi. Ile miwili akaihamishia bustanini, akaizungushia miiba, akaichotea maji kisimani kiangazi kizima mpaka mgongo ukamuuma.

Makame, kitindamimba, alikuwa amelala.

Mipapai ikatoa maua. Mmoja ulikuwa jike. Wa pili ulikuwa dume, maua yananing'inia tu, tunda hakuna.

Hidaya akasema, "Makame, ukate huo mti, unakula mbolea bure."

Makame akasema, "Kesho, dada."

Chausiku akasema, "Makame, shoka hili hapa."

Makame akasema, "Kesho, dada."

Shoka likashika kutu. Mpapai jike ukazaa papai moja, likaiva.

Wakaketi kulizunguka. Hidaya akasema, "Bila mimi mbegu zingekuwa jalalani."

Chausiku akasema, "Bila mimi zingekuwa tumboni mwa kuku."

Bwana shamba alikuwa anapita. Akaegemeza baiskeli, akautazama mti dume. "Mtaa huu mzima siku hizi hakuna mpapai dume mwingine," akasema. "Mngeukata huu, lile jike lingekosa chavua, likapukutisha maua yote. Nani aliuacha?"

Makame akainua mkono.

Bi Mwanakheri akamuuliza, "Ulijua, mwanangu?"

"Sikujua, mama. Nilikuwa mvivu. Lakini dada zangu wangekuwa na ndugu mchapakazi, leo ungekula majani."

Chausiku akautazama mgongo wa shoka.

Bi Mwanakheri akakata kipande, akakikamulia ndimu, akala. Ladha ilikuwa ileile. Akalia tena, kisha akafuta kisu kwa kanga na kuwatazama wanawe mmoja mmoja, naye anawapenda wote.

Haya, nyinyi mliokaa hapa mnanisikiliza. Yupo aliyeokoa mbegu, yupo aliyelea miche, na yupo ambaye hakufanya lolote, na kutofanya kwake kukaleta tunda. Je, nani alistahili bustani? Na wale wawili watakaobaki mikono mitupu, nani kati yenu atakwenda kuwaambia?