Posho ya Mmoja Puani mwa Bi Mwantumu

Sogeeni karibu, ila mwenye mafua akae nyuma. Kisa changu kimetokea ndani ya pua.

Pua yenyewe ni ya Bi Mwantumu wa Muheza, fundi wa mito ya sufi. Vumbi la sufi halina sumu, lakini chembe za damu zinazomlinda, askari wa puani, zilikuwa zikiliona tu zinapagawa: chafya, makamasi, macho mekundu. Mkwewe alidhani ni mafua ya kuambukiza. Mjukuu alitimiza miezi saba, bibi hajampakata.

Kati ya askari hao waliishi watatu wasiopigana, kazi yao kuwatuliza wenzao. Zuia alikuwa na mkono mwepesi. Mlafi alikuwa na tumbo lisilojaa. Tuliza alikuwa na sauti ya kumpoza mwenye hasira. Askari waliwaita wasaliti, na kila mmoja alikaa kwenye pembe yake, peke yake.

Siku moja mkwe akaja na mtoto.

"Shikamoo mama. Ukipiga chafya moja tu, naondoka naye."

"Marahaba mwanangu. Hebu nipe nimpakate."

Mtoto akavuta mto, vumbi likapanda.

Mpiga mbiu wa jeshi akatoka mbio, "Adui! Ad—" Zuia akamdaka, akamziba mdomo.

Waliokwisha kusikia wakakimbilia ghalani kula wapate nguvu. Mlafi alikuwa amekula kila kitu, hadi makombo.

Wachache walioshiba tangu asubuhi wakainua silaha. Tuliza akawaambia, "Ndugu zangu, ni sufi tu. Shusheni." Wakashusha.

Bi Mwantumu hakupiga chafya. Alimpakata mjukuu hadi alasiri huku machozi ya furaha yakimtoka, na mkwe akasema, "Mama, kumbe umepona! Kesho nakuletea tena."

Ndipo damu ikamtuma mleta posho na posho ya shukrani. Anayeila hujigawa akawa wawili, akapata mwenzake wa kukaa naye. Lakini ilikuwa ya mmoja tu, hailiwi nusu, na isipoliwa siku ileile huharibika.

"Nipe mimi," Zuia akamwambia mleta posho. "Yule mpiga mbiu ndiye pekee aliyekuwa akinisemesha. Tangu nimzibe mdomo, hata kunitazama hataki."

"Mimi mnaniona nimeshiba," akasema Mlafi. "Nimekula chakula cha jeshi zima, lakini sijawahi kula na mtu."

Tuliza naye akasema, "Nazungumza kutwa nzima. Hakuna aliyewahi kunijibu."

Mleta posho alisimama na posho yake mkononi, akashindwa kuamua ampe nani. Angekosekana mmoja wao, mtoto angeondoka. Na wote watatu walikuwa wapweke kwa sababu ya kazi ileile iliyompa bibi mjukuu wake.

Je, wewe uliyekaa hapo, ungempa nani? Na wale wawili wanaorudi kwenye pembe zao, ungewaambia nini?