Ngiri Aliyepewa Jembe

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni sauti ya watu walioshiba, au ya kuku wanaoatamia? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia. Sogeeni. Na wewe uliyekalia kamba ya mbuzi, inuka, mbuzi naye anataka kusikiliza.

Hapo kale, katika kijiji cha Kwemzinga, alikuwako mwanamke aitwaye Sikudhani. Mumewe aliitwa Shekuwe. Walikuwa na mtoto mmoja tu, Semeni, wa miezi minane, ndiyo kwanza anatambaa. Walimpata baada ya kungoja miaka tisa, kwa hiyo sina haja ya kuwaambia walivyompenda.

Sikudhani alikuwa mkarimu, na ukarimu si kosa. Kosa lake ni kwamba kinywa chake kilikuwa chepesi kuliko shingo yake. Mtu akipiga hodi, "karibu" ilikuwa imeshatoka, naye hata hajageuka kuona ni nani.

Siku moja alasiri alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, mgongo ameupa mlango. Akasikia, "Hodi."

"Karibu."

"Hodi."

"Karibu, pita."

"Hodi tena."

"Karibu ndani, hapa ni kwako."

Alipogeuka, mlangoni hapakuwa na mtu. Akasikia nyuma ya nyumba kwaru, kwaru, kwaru. Akazunguka. Alikuta udongo mbichi umerundikana, na ngiri mkubwa kama ndama anaingia chini ya ukuta kinyumenyume, makalio kwanza, uso mwisho. Meno yake yalikuwa manne na yamepinda. Akamtazama Sikudhani, akasema, "Starehe, mama. Nimekwisha karibia."

Ngiri anayesema si ngiri. Huyo alikuwa zimwi lililovaa mwili wa ngiri. Na mazimwi ya zamani yalikuwa na ada yao: zimwi haliingii kwa mtu mpaka likaribishwe, na likishakaribishwa halitoki mpaka liage lenyewe. Sikudhani alikuwa amelikaribisha mara tatu.

Jioni, Shekuwe alipotoka shamba, sauti ilitokea chini ya kitanda.

"Wenyeji, mgeni ana njaa. Leo nataka kuku."

Shekuwe akashika shoka. Ile sauti ikasema, "Mgeni hafukuzwi. Mgeni akiomba hanyimwi. Mgeni akipewa hakatai. Ndiyo ada, na mimi naifuata. Lete kuku."

Wakampa kuku. Akamla na manyoya yake.

Siku ya pili asubuhi wakaanza kumtafutia dawa. Basi Shekuwe akawasha pilipili kavu penye tundu, akapepea moshi uingie chini. Moshi ukaingia, ukapenya sakafuni, ukajaa chumbani. Shekuwe akakohoa, Sikudhani akakohoa, Semeni akalia mpaka akakauka sauti. Chini kukasemwa, "Asanteni kwa ubani."

Wakachemsha maji sufuria kubwa, wakayamwaga tunduni. Chini kukasemwa, "Asanteni kwa maji ya kuoga."

Wakabingirisha jiwe la kusagia, wakaziba tundu.  Kisha chini kukasemwa, "Asanteni kwa mlango. Usiku baridi ilikuwa inanipiga."

Jirani yao, Bi Mwantumu, alikuja kuona. Alikuwa mtu wa methali, kila jambo ana methali yake, liwe linaingia au haliingii. Akasema, "Mzoeeni. Zimwi likujualo halikuli likakwisha."

Sikudhani akamjibu, "Bibi, mwanangu ni mmoja. Akiliwa, ameisha."

Bi Mwantumu akaenda zake kutafuta methali nyingine.

Jioni ya siku ya pili, "Wenyeji, mgeni ana njaa. Leo nataka mbuzi." Mbuzi alikuwa mmoja, wa maziwa ya mtoto. Wakampa. Walisikia mifupa ikivunjika huku wamekaa juu yake. Alipomaliza akasema taratibu, kama mtu anayetaja aina ya mboga, "Kesho jioni nitataka hicho kinachotambaa juu ya kichwa changu."

Sikudhani alimbeba Semeni na hakumweka chini tena. Shekuwe akasema, "Tuhame usiku huu."

Sauti ikasema, "Hameni. Mgeni hufuata wenyeji wake."

Shekuwe mtu mzima alilia, na msimcheke. Hata nyinyi mngelia.

Kulipopambazuka siku ya tatu, Sikudhani alikuwa macho, mtoto mgongoni. Shekuwe hakujua afanye nini, basi akafanya lile la kila siku: akaenda kuchukua jembe lake nyuma ya mlango. Mkono wa mtu hufuata mazoea hata moyo ukiwa umevunjika. Sikudhani akalitazama lile jembe. Akahesabu siku kwa vidole. Kuku, siku moja. Mbuzi, siku mbili. Leo ya tatu.

"Mume wangu," akasema, "leta hilo jembe hapa."

Nyinyi mmeshajua, naona mnachekana. Mgeni siku mbili, siku ya tatu tumfanyeje?

Mpe jembe!

Ehee. Lakini kujua methali ukiwa umeshiba ni jambo moja, na kuikumbuka zimwi likiwa chini ya kitanda ni jambo lingine.

Sikudhani akazunguka nyuma, akaliondoa jiwe, akapiga magoti penye tundu.  Akalinyoosha jembe kwa mikono miwili, kwa adabu, kama apewavyo mkwe.

"Mgeni," akasema, "pokea."

Ngiri akatoa pua. "Hicho nini?"

"Jembe. Umeingia juzi, umelala jana, leo siku ya tatu. Mgeni akipewa hakatai. Maneno yako hayo."

 Ngiri alitafuta neno la kujitoa, hakulipata, maana yale maneno aliyasema kwa kinywa chake na ndiyo yaliyomweka mle ndani. Akalipokea jembe kwa meno.

"Vizuri," Sikudhani akasema. "Sasa wewe si mgeni tena. Wewe ni mtu wa nyumba hii. Na mtu wa nyumba haagizi chakula. Hula kilicho chunguni."

Ngiri akalima. Ngiri hupiga magoti akitafuta mizizi, basi huyu naye alilima kwa magoti, na kabla ya adhuhuri shamba lote la Shekuwe lilikuwa limegeuzwa. Akarudi anafoka povu.

"Nimelima. Nipe mtoto."

"Chunguni mna ugali na kisamvu," Sikudhani akasema.

"Mimi sili kisamvu."

"Basi lala na njaa. Hata mume wangu akikataa kisamvu hulala na njaa."

Shekuwe akaitikia kwa kichwa, maana lilikuwa limeshamtokea.

Ngiri akala kisamvu. Kisha akasema, "Nitaondoka, mama. Nikiondoka nitakuwa sina nyumba. Nikirudi nitarudi mgeni upya, na siku ya kwanza tu nitaomba nilichokiomba. Unikaribishe tu, kama ulivyonikaribisha."

Lile neno lilimwingia Sikudhani. Akaliweka moyoni.

Ngiri alikuwa bado hajaaga, ndipo baragumu likalia. La mgambo likilia lina jambo. Lilikuwa baragumu la msaragambo, ile kazi ya kijiji ambayo kila mtu mzima hutoka na jembe lake, na asiyetoka hutozwa faini ya kuku. Mzee Mnkande, mpiga baragumu, akasimama uani.

"Shekuwe, nyumba yako ina watu wazima wangapi?"

"Watatu," Sikudhani akadakia.

"Watatu watoke. Barabara imejaa majani."

"Mimi nilikuwa naaga," Ngiri akasema.

"Utaaga jioni," akasema Mzee Mnkande. "Hakuna mtu aliyewahi kuaga baragumu likiwa linalia."

Basi Ngiri akalima barabara. Watu walimwogopa mwanzoni. Kisha waliona anavyolima, wakaacha kumwogopa, wakaanza kumwonyesha pa kulima. Jioni alirudi amechoka, akalala bila kuaga.

Siku ya pili yake, baragumu. Kisima kimefukiwa. Nani anajua kuchimba? Mtu wa nyumba ya Shekuwe. Ngiri akachimba kisima.

Siku ya tatu yake, baragumu. Bi Mwantumu nyumba yake inavuja, majani ya kuezekea yabebwe kutoka mlimani. Nani ana mgongo mpana? Mtu wa nyumba ya Shekuwe. Ngiri akabeba majani kutwa, na Bi Mwantumu akimfuata nyuma na methali kumi na saba, moja baada ya nyingine.

Na jioni hiyo kulikuwa na kikao. Kikao cha kujadili lini kifanyike kikao cha kisima. Ngiri alikaa humo mpaka wazee wote walipomaliza kusema, na kila mzee aliposimama alianza kwa kusema kwamba yeye hana mengi.

Asubuhi, Sikudhani alimkuta ameketi nje ya tundu, udongo umemkauka usoni, meno yamechakaa ncha.

"Mama," akasema, "naomba ruhusa. Naaga, kabla kile kitu hakijalia."

"Ruhusa unayo," Sikudhani akasema. "Nikusindikize."

Maana mtu akiaga husindikizwa, hata awe nani. Akamfunga Semeni mgongoni, wakatoka, Ngiri mbele na Sikudhani nyuma, mpaka kwenye kijito ambacho ndicho mpaka wa Kwemzinga. Ngiri akasimama, akageuka.

"Basi, kwaheri, mama."

"Kwaheri."

"Nakwenda."

"Nenda."

"Ndiyo nimekwenda hivyo," Ngiri akasema, na akangoja.

Mnajua alichokuwa anangoja. Neno ambalo Sikudhani alifundishwa na mama yake tangu hajaota meno, analomwambia kila anayetoka kwake, hata mwuza chumvi. Karibu tena. Lilikuwa limeshapanda, limefika nyuma ya meno. Alihisi aibu, aibu kweli, kumwacha mtu aliyelima shamba lake aondoke bila neno lile. Ndipo Semeni akahema shingoni mwake, pumzi ya moto ya mtoto aliyesinzia.

"Haya," Sikudhani akasema.

Ngiri akaanza kuvuka kijito kinyumenyume, makalio kwanza, macho hayabanduki mdomoni kwa Sikudhani. Alifika katikati, akasimama. Alifika ng'ambo, akasimama. Akaingia majanini, na wa mwisho kupotea ulikuwa uso wake, bado unangoja.

Sikudhani aliketi pale pale kwenye majani yenye umande, akamshusha mwanawe, akamkumbatia, akalia mpaka akatosheka. Kisha akaenda nyumbani, akamweka Semeni sakafuni kwa mara ya kwanza baada ya siku nne. Mtoto akatambaa mpaka alipotaka.

Tangu siku hiyo watu wa Kwemzinga, ukiwapigia hodi, hawasemi karibu moja kwa moja. Hugeuka kwanza, wakauliza, "Nani mwenzangu?" Wageni wengine huwaona wana kiburi. Lakini barabara yao ni safi, kisima chao hakikauki, na watoto wao wanatambaa wanakotaka.

Hadithi yangu imeishia hapo. Iliyo tamu mkalale nayo, iliyobaki chungu niachieni, nitainywa na chai yangu. Na mafunzo yake ni haya: geuza shingo kabla ya kufungua kinywa. Na anayekaa kwako siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwema atalima, na asiye mwema ataaga.