Ufunguo Ulioshonewa Daftarini

Hapo zamani, wakati karatasi zilipokuwa chache na umbeya ulikuwa huu huu wa leo, palikuwa na Sultani akiitwa Shebwana, na katika mji wake palikuwa na Nyumba ya Hati. Mtu akioa, au akinunua shamba, hana budi kupita pale. Na hati haikuwa hati mpaka iandikwe kwanza ndani ya daftari kubwa la mji, kisha igongwe muhuri wa Sultani. Daftari lilikuwa moja tu, na muhuri mmoja tu. Makarani ndio waliokuwa wawili, na hapo ndipo balaa lilipoingilia.

Karani wa ndoa alikuwa Mbaruku, mtu mnene, kanzu yake imenyooka hata siku ya mvua. Huyu alifundishwa na babaye kushika daftari kwanza, kisha kuufuata muhuri. Karani wa mashamba alikuwa Dadi, mwembamba, mwenye hasira za karibu, naye alifundishwa na mjomba wake kushika muhuri kwanza, kisha kulifuata daftari. Na juu ya mlango babu yake Sultani aliacha sheria imeandikwa: aliyeshika ameshika, hanyang'anywi mpaka amalize kazi yake.

Siku za watu wachache hapakuharibika kitu. Lakini yalipokwisha mavuno, kila mwenye mpunga akataka mke, na kila mwenye mke akataka shamba. Ikawa asubuhi moja Mbaruku amelikumbatia daftari akingoja muhuri, na Dadi ameufumbata muhuri akingoja daftari. Wakatazamana. Hakuna aliyeachia, maana watu hawa walikuwa hawasemezani tangu walipoposa mwanamke mmoja, naye akaenda zake kuolewa na muuza samli. Basi wakakaa vile vile mpaka alasiri, mlinzi alipopiga ngoma ya kufunga, vitu vikarudishwa mezani, watu wakaenda zao mikono mitupu. Kesho yake yakawa yale yale, na kesho kutwa.

Waziri Nasibu, ambaye uwaziri aliupata kwa ushemeji na wala si siri, akaamriwa atafute dawa. Kwanza akaongeza makarani sita. Ikawa wawili wameshika, na sita wamejipanga nyuma yao wanapiga miayo. Akawarudisha sita wale makwao, kisha akaamuru ngoma ya kufunga ipigwe mara tano kwa siku, ili kila mtu aachie, aanze upya. Wakaachia, wakaanza upya, Mbaruku kwa daftari, Dadi kwa muhuri. Mwisho akawasihi kiungwana kwamba mmoja akiona mwenziwe amekwama, amwachie. Basi wakaachiana wote wawili kwa pamoja, wakaona haya, wakashika tena wote wawili kwa pamoja. Waziri akampelekea Sultani habari kwamba kazi inakwenda vizuri mno, hata foleni imefika sokoni.

Katika foleni ile alikuwamo fukara mmoja jina lake Mwinchande, mshona makubadhi, ambaye mwenyewe alikwenda pekupeku. Binti yake Mwanasiti alikuwa ameposwa, hina imekwisha kumkolea mikononi, na wakwe wametoka mbali, wamefikia nyumbani kwake siku ya nane sasa. Mama yake bwana harusi alikwisha sema, tena kwa sauti ya kusikiwa na majirani, kwamba hati isipotoka Ijumaa adhuhuri, yeye atarudi kwao na mwanawe. Mwinchande akachungulia dirishani, akawaona wale makarani walivyokumbatia vitu vyao, akaangua kicheko. Waziri hakukipenda kicheko kile, akamkamata na kumpeleka barazani kwa Sultani.

"Ewe mshona makubadhi," akanena Sultani, "umeicheka nyumba ya babu yangu. Umeona nini mle?"

"Bwana wangu, nimeona watu wawili mlangoni, mmoja yu ndani, mmoja yu nje, na kila mmoja amesimama kizingitini akingoja mwenziwe apite."

Watu wakacheka, Sultani akakasirika. Akasema ikiwa Mwinchande ana macho makali hivyo, basi aifungue kazi ile yeye. Asimfukuze karani wala asiongeze. Asimnyang'anye mtu kitu kilichomo mkononi. Asiifute sheria ya babu hata herufi moja.

"Na kwa kuwa wote wawili ni watoto wa watu," akamalizia, "sitaki kuona karani amngoja karani mwenziwe. Ukiweza kabla ya Ijumaa adhuhuri, omba utakalo. Ukishindwa, binti yako hapati hati katika mji huu, mwaka huu wala mwakani."

Mwinchande akarudi nyumbani na habari ile, na mkewe, Bi Mize, akamwambia mdomo wake ndio utakaomwozesha mtoto kwa ukuta. Hata hivyo alipoombwa kijaluba chake cha tambuu, kile kikasha cha chuma chenye kitasa alichoachiwa na mamaye, akakitoa, huku akinung'unika kwamba tambuu yake sasa ataiweka wapi, sikioni?

Alhamisi Mwinchande akaenda Nyumba ya Hati, akajinyoosha barazani, hakugusa kitu. Waziri akapita akamwuliza kwa kejeli kama ndoto zimemletea shauri. Mwinchande akamjibu kwamba anangoja mikono iwe mitupu. Ilipopigwa ngoma ya alasiri, na muhuri na daftari vikarudi mezani bila mtu kuvishika, akainuka. Akakipigilia kijaluba mezani kwa misumari, akautia muhuri ndani, akafunga kitasa. Kisha akatoa sindano yake ya makubadhi na uzi wa kitani, akaushona ufunguo kwenye ngozi ya daftari, kwa uzi mfupi kama kidole. Akamwagiza mlinzi kwamba kila karani akimaliza, aurudishe muhuri, afunge, ndipo aliweke daftari. Akaenda zake kuoga.

Ijumaa Dadi akawahi mapema, akaupeleka mkono kwenye muhuri, akakuta chuma. Akautafuta ufunguo, akauona unaning'inia kwenye daftari. Akasonya, akalishika daftari kwanza, jambo ambalo hakupata kulifanya tangu azaliwe, akaandika hati ya shamba, akafungua, akagonga, akafunga, akaweka. Mbaruku aliingia daftari lingali kwa Dadi, naye hakupata kitu kingine cha kukumbatia, akakaa mikono juu ya tumbo. Daftari lilipowekwa tu, akalidaka, akaandika ndoa, akafungua, akagonga. Kisha Dadi, kisha Mbaruku. Foleni iliyokuwa sokoni ikaanza kusogea, na watu wakaogopa, maana hawakuizoea hali ile.

Karibu na adhuhuri Sultani akaja mwenyewe. Mbaruku alikuwa anaandika jina la Mwanasiti binti Mwinchande, na Dadi amekaa kitini. Waziri akadakia upesi.

"Bwana wangu, sharti limevunjwa. Huyu karani yuamngoja yule."

Kalamu ya Mbaruku ikasimama. Mama yake bwana harusi akaanza kuufunga mtandio wake vizuri, kama mtu wa safari.

"Mwulize mwenyewe, bwana wangu," akasema Mwinchande, "anamngoja nani."

Sultani akamwuliza. Dadi akamtazama Mbaruku kuanzia kofia mpaka viatu.

"Mimi nimngoje huyu?" akasema. "Nife kwanza. Ninalingoja daftari."

Sultani akacheka mpaka kilemba kikamwinamia usoni, na katikati ya kicheko kile muhuri ukagongwa, hati ya Mwanasiti ikatoka. Alipopata pumzi akamwambia Mwinchande aombe. Yeye akaomba ng'ombe mmoja na magunia mawili ya mchele, na kwamba Sultani aje kula, na wale makarani wawili wawe wapakuaji.

Basi harusi ikaliwa siku ile ile. Sultani akanawa, akakaa mkekani. Mbaruku akashika sinia, Dadi akashika upawa, wakasimama kila mmoja upande wake wa sufuria. Mbaruku akangoja upawa. Dadi akangoja sinia. Pilau ikaanza kupoa, wageni wakatazama, Sultani yupo, mkono wake aliokwisha kuunawa ameuinua hewani.

Bi Mize akatoka ndani. Akamnyang'anya huyu sinia, akamnyang'anya yule upawa, akapakua, akaliweka sinia mbele ya Sultani. Sultani akamtazama Waziri, Waziri akatazama kucha zake.

"Kumbe hata hili liliwezekana," akanena Sultani polepole.

"Liliwezekana, bwana wangu," akajibu Bi Mize, "ila mlilikataza wenyewe. Kula, inapoa."

Sultani akala, na kwa kuwa kinywa chake kilikuwa kimejaa, siku ile hakutoa sheria nyingine.